Mama Boke na Mstari wa Bei ya Dagaa

Matrida alikuwa mfanyabiashara wa dagaa. Majirani zake wa Nyakato, mjini Musoma, walimwita Mama Boke kwa jina la binti yake wa kwanza. Asubuhi alishuka mwaloni, ufukweni wavuvi wanakoshushia samaki, kununua dagaa wabichi. Aliwaanika juu ya vichanja mpaka wakauke vizuri, akawajaza kwenye magunia, akawapeleka nyumbani. Chumba cha nyuma cha nyumba yake kilikuwa ghala.

Dagaa wa Matrida hawakuwa na mchanga, na wanunuzi wa soko la Bunda walilijua hilo. Mtu alitia mkono kwenye gunia, akatafuna dagaa mmoja, akasema, "Hawa ni wa Mama Boke." Kazi ya kuanika na kupanga aliimudu barabara. Kilichomshinda ni kujua auze lini.

Dagaa wa ziwani huvuliwa gizani. Mwezi ukiwa mkubwa, taa za wavuvi hazivuti dagaa, na mitumbwi hupumzika. Ndiyo maana bei hushuka wakati wa giza, dagaa wakiwa wengi, na hupanda wakati wa mbalamwezi. Hilo kila mtu pale mwaloni analijua. Lakini iko miaka ambayo bei hupanda sana na kushuka kidogo, na iko mingine ambayo hushuka sana na kupanda kidogo. Hapo ndipo Matrida alipokuwa akipotea.

Mwezi wa pili, gunia liliuzwa laki moja na ishirini elfu. Giza likaingia, bei ikaanza kushuka. Siku moja simu ikalia. Alikuwa Paschal, dalali wa dagaa kule Bunda.

"Mama Boke, uza! Huku kumechafuka. Leo gunia ni tisini na sita elfu. Kesho sijui."

"Tisini na sita? Paschal, unanitania?"

"Nikutanie kwa mali yako? Kila mtu anauza!"

Matrida akauza magunia ishirini. Wiki mbili baadaye bei ilikuwa imeruka mpaka laki moja na ishirini na tano. Akaogopa kuachwa nyuma, akanunua magunia mengine kwa bei hiyo kubwa. Mwezi wa nne giza lilipoingia, bei ikashuka. Akauza tena, kwa laki moja na kumi na tatu.

Mumewe, Wanzagi, alikuwa fundi seremala, mzaliwa wa Buswahili, wilaya ya Butiama. Hakuwa mtu wa makelele. Jioni moja walipokuwa wakila, alisema taratibu:

"Mama Boke, nimeongea na kaka. Shamba la marehemu mzee kule Buswahili linaota majani tu."

"Unataka kusemaje, Baba Boke?"

"Nasema tungoje mpaka mwezi wa nane. Kama mambo ni haya haya, turudi tukalime. Wewe dagaa unawajua sana. Soko ndilo hulijui."

Neno hilo lilimchoma Matrida kwa sababu lilikuwa la kweli.

Ijumaa moja ya mwezi wa tano alipakia magunia kwenye lori la Bunda, akapanda na yeye mwenyewe. Mara nyingine alizopanda lori alishusha mzigo tu akarudi; safari hii alitaka kuliona soko kwa macho yake. Alikaa kando ya magunia yake, akitazama nani anauza na nani ananunua. Karibu na saa nne akaja msichana mmoja mwenye daftari. Jina lake Consolata. Kazi yake ilikuwa kukusanya takwimu za soko. Kila Jumanne na Ijumaa alipita kwa kila muuzaji na maswali mawili tu.

"Shikamoo, Mama Boke. Leo umeuza bei gani?"

"Marahaba. Laki na ishirini."

"Magunia mangapi?"

"Matano. Hivi wewe Consolata, kila siku unatuulizaga maswali haya haya. Unamwandikia nani?"

"Naiandikia ofisi. Halafu najiandikia na mimi, kwenye daftari langu."

"La kazi gani?"

"La kuangalia soko linaelekea wapi."

Matrida akacheka, lakini kicheko hakikuwa cha furaha. "Yaani wewe usiye na hata kisado cha dagaa unajua soko linaelekea wapi. Mimi mwenye magunia sijui!"

Consolata akamtazama. Aliona kwamba mama huyu hatanii. "Nikimaliza mstari huu wa mwisho wa wauzaji nakuja. Tutakunywa chai, nikuoneshe."

Walikaa kwenye benchi la mama lishe. Consolata akafungua karatasi ya grafu, ile yenye vijumba vidogo vidogo, akaitandika juu ya meza.

"Huku chini ni siku za soko," alisema. "Huku pembeni ni bei, kwa maelfu. Kila siku ya soko naweka kitone kimoja. Bei ikiwa kubwa, kitone kinakaa juu. Ikiwa ndogo, kinakaa chini. Umeona?"

"Nimeona. Vinapanda na kushuka kama milima."

"Ndiyo. Vile vya juu tuviite vilele. Vya chini tuviite mabonde. Hebu angalia bonde hili la kwanza."

Matrida akasogeza uso. Kitone kilikuwa kwenye tisini na sita, mwezi wa pili. Akakitambua kama mtu anavyoitambua sahani yake iliyovunjika. "Siku hiyo niliuza mimi."

"Wewe na wengine wengi. Sasa twende mwezi wa tatu. Giza liliposhusha bei, ilifika mia na nne. Mwezi wa nne ikafika mia na kumi na tatu. Leo, giza la mwezi wa tano, tuko mia na ishirini. Chukua rula. Piga mstari."

Matrida akashika penseli. Akaiweka rula akaanzia kwenye tisini na sita, akaielekeza juu kabisa, kwenye kilele cha mwezi wa nne. Akapiga mstari kwa nguvu.

"Mbona umekata katikati ya bei?" Consolata aliuliza.

"Nimetaka ufike huku juu."

Consolata akatabasamu. "Karatasi haijui unachotaka wewe, Mama Boke. Futa. Pitisha rula chini, uguse mabonde tu, pale bei iliposhuka ikagoma kushuka zaidi. Mabonde mawili yanaweza kuwa bahati. Mstari ukigusa la tatu, ndipo tunaanza kuuamini."

Matrida akafuta. Akaanza upya, polepole, ulimi ukiwa umebanwa kwenye meno. Rula ikakaa chini ya bonde la mwezi wa pili na la mwezi wa tatu. Lile la mwezi wa nne likawa juu yake kwa unywele tu. La leo likagusa tena. Akapiga mstari. Ulipanda kutoka kushoto kwenda kulia kama njia ya kwenda kilimani.

Akaweka penseli chini.

"Kumbe!" alisema. "Kila giza bei ilishuka, lakini haikurudi pale iliposhukia mwezi uliotangulia. Kila mara iliishia juu zaidi."

"Huo ndio mwelekeo wa kupanda. Na mstari huu unaitwa mstari wa mwelekeo."

"Na mimi nilikuwa nauza kwenye bonde, nanunua kwenye kilele."

"Ndivyo wengi wanavyofanyaga. Hofu inauza, tamaa inanunua."

"Na soko likiwa linateremka, mstari unapita wapi?"

"Juu, kwenye vilele. Utaona kila kilele kiko chini ya kile cha mwezi uliopita. Ukiunganisha hivyo, mstari unashuka."

Chai ilikuwa imepoa. Matrida hakuikumbuka. Alinyoosha kidole kwenye vinguzo vilivyochorwa sehemu ya chini ya karatasi, vingine virefu, vingine vifupi.

"Na hivi?"

"Hivyo ni magunia yaliyouzwa siku hiyo. Ndio wingi wa mauzo. Nguzo ndefu, magunia mengi. Bei inakwambia watu wamekubaliana shilingi ngapi. Nguzo inakwambia waliokubaliana ni wengi au wachache." Consolata akafikiri kidogo. "Tuseme mtu ana mgonjwa hospitali. Anauza gunia lake moja kwa elfu themanini. Hiyo ni bei ya soko?"

"Hapana. Hiyo ni shida yake."

"Watu hamsini wakiuza magunia mia kwa elfu themanini?"

Matrida akaitikia kwa kichwa. "Hiyo sasa ni bei."

"Umeelewa. Siku bei ikikatiza mstari kwenda chini, usikimbie. Tazama kwanza nguzo. Ikiwa fupi, subiri siku ya soko inayofuata uone. Ikiwa ndefu kuliko kawaida, amini kwamba soko limegeuka. Na usilinganishe nguzo ya giza na ya mbalamwezi. Wakati wa mbalamwezi magunia huwa machache kila mwaka. Linganisha giza na giza, mbalamwezi na mbalamwezi."

"Kwa hiyo mstari huu unaniambia ya kesho?"

"Hapana!" Consolata alitikisa kichwa. "Ya kesho sokoni hakuna anayeyajua. Mtu akikwambia anayajua, shika pochi yako. Mstari unaonesha tulikotoka na tunakoelekea. Ukivunjika, unakuamsha. Shemeji yangu ana hisa za benki. Yeye grafu anaiona kwenye simu, bei juu, nguzo chini, anachora mstari kwa kidole. Ni jambo hili hili. Na yeye kuna siku anakosea. Kwa hiyo pesa ya chakula na ya ada usiiweke kwenye magunia, hata mstari uwe mzuri namna gani."

Matrida alirudi Musoma na karatasi nne za grafu na namba zote za miezi mitano, alizozinakili kwa mkono wake. Siku iliyofuata alikaa kwenye meza ya sebuleni akapiga mstari wake. Haukugusa mabonde. Akafuta, akapiga tena. Vilevile. Wanzagi alikuwa amesimama mlangoni akimtazama.

"Unatengeneza nini?"

"Nachora bei. Mstari haukubali kukaa."

Wanzagi akaichukua ile rula ya plastiki, akaiinua usawa wa jicho lake kama anavyofanya na mbao. "Rula hii imepinda, Mama Boke. Imekaa juani." Akaenda karakanani. Akarudi na kipande chembamba cha mninga alichokipiga randa vizuri. "Jaribu na hiki."

Mstari ukakaa. Wanzagi akavuta kiti. Alisikiliza mke wake akieleza vilele, mabonde na nguzo. Fundi anaelewa upesi mambo ya mistari. Mwisho akauliza swali moja tu: "Na ukivunjika, utakubali? Au utauhamisha upite unapopenda wewe?"

"Nitakubali," alisema Matrida.

Ghala lile alilitumia pamoja na rafiki yake Rhobi, mwanamke mchangamfu aliyekuja Nyakato kutoka Tarime. Mwezi ule wa tano walinunua dagaa bei ikiwa bado karibu na mstari. Kila mmoja aliweka magunia kumi na nane. Rhobi aliitazama ile karatasi, ambayo sasa Matrida alikuwa ameibandika ukutani, akacheka. "Mama Boke amefungua shule."

Kila Jumanne na Ijumaa Matrida alimpigia simu Consolata, akapewa namba mbili. Akaweka kitone na nguzo. Ikawa kama kupika uji, kazi ya kila siku isiyo na maneno mengi.

Mwezi wa sita, giza likiwa limekolea, mstari ulikuwa umefika mia na ishirini na nane. Jumanne mchana simu ya Paschal ikaja. Safari hii alikuwa akipiga kelele.

"Mama Boke! Malori ya wanunuzi yamerudishwa mpakani! Bei imevunjika, mia na ishirini na moja! Nikuuzie yote?"

Ilikuwa sauti ile ile ya mwezi wa pili. Rhobi alikuwa amekaa karibu, akasikia yote. Akasimama.

"Tuuze! Mama Boke, tuuze sasa hivi! Tukichelewa itafika themanini!"

"Ngoja, Rhobi."

"Ningoje nini? Umesikia mwenyewe!"

"Nimesikia bei. Sijasikia magunia." Akarudi kwenye simu. "Paschal, kwa bei hiyo yameuzwa magunia mangapi?"

Paschal akapunguza sauti. "Mangapi? Aa… mimi sijahesabu. Lakini bei ndiyo hiyo."

Matrida akakata, akampigia Consolata. Jibu lilikuja wazi. "Magunia kumi na moja tu, Mama Boke. Siku za giza huwa yanauzwa themanini mpaka mia. Wenye dagaa wengi wamefunga magunia yao, wamekaa. Habari ya malori kila mtu anaisema, ila sijaona aliyeyaona."

Matrida akaweka kitone chini ya mstari. Kilionekana kibaya sana pale. Chini yake akachora nguzo. Ilikuwa fupi kama kisiki.

"Hatuuzi leo," alisema. "Tunasubiri Ijumaa. Ijumaa ikiwa chini ya mstari na magunia ni mengi, nauza mimi wa kwanza."

Rhobi akashika kiuno. "Na tukiumia?"

"Tutaumia kidogo, tukijua kwa nini. Mwezi wa pili niliumia sana bila kujua kwa nini."

Siku tatu zile zilikuwa ndefu. Matrida alianika dagaa, alipeta mchele, alifua hata mapazia. Rhobi hakumsemesha sana. Alhamisi Wanzagi aliuliza, "Mstari bado uko palepale?" Matrida akajibu, "Bado uko palepale. Sijaugusa."

Ijumaa saa saba, ujumbe wa Consolata ukaingia kwenye simu. Bei, mia na thelathini na moja. Magunia, tisini na sita. Malori yalikuwa yamefika. Yalichelewa kwa sababu moja liliharibika njiani, basi.

Rhobi alipiga kigelegele mpaka majirani wakachungulia. Matrida yeye aliketi tu kwenye kigoda, mikono magotini. Kwa mara ya kwanza tangu aanze biashara hakuwa ameuza kwa hofu. Mbalamwezi ilipokuja, waliuza magunia yale kwa mia na hamsini na nane. Siku hiyo nguzo ilikuwa ndefu, magunia themanini na manne, ambayo kwa mbalamwezi ni mengi.

Mwezi wa saba giza lilishusha bei mpaka mia na thelathini na nane, juu ya mstari kidogo. Wakanunua tena, kumi na nane kwa kumi na nane. Kisha bei ikapaa. Mia na hamsini na tano. Mia na sitini na mbili. Mia na sitini na nane. Watu mwaloni walikuwa wakiimba tu.

"Tunangoja laki mbili!" alisema Rhobi. "Mwaka huu najenga choo cha vigae."

Matrida alikuwa amesimama mbele ya ukuta, penseli mkononi. "Rhobi, njoo utazame nguzo. Kilele cha mwezi uliopita, magunia themanini na manne. Leo, thelathini na saba. Bei imepanda, wanunuzi wamepungua zaidi ya nusu."

"Si ni mbalamwezi? Magunia huwa machache."

"Na ile nyingine ilikuwa mbalamwezi. Bei hii imeshikwa na watu wachache. Wakichoka, nani ataishika?"

"Mstari wako umevunjika?"

"Haujavunjika. Uko mbali huku chini."

"Basi!"

Matrida akafikiri. Mstari ulisema soko bado linapanda. Nguzo zilisema nguvu inaisha. Hakuwa na hakika, na hakujidanganya kwamba anayo. Akauza magunia tisa, nusu ya yake, kwa mia na sitini na nane. Tisa akayaacha. Rhobi hakuuza hata moja. Siku ya soko iliyofuata bei ilifika mia na sabini na moja. Rhobi akamtania kutwa nzima, na Matrida akavumilia utani ule.

Mwezi wa nane ukaingia, na giza lake. Mstari sasa ulikuwa mia na arobaini na nne. Jumanne ile Consolata hakungoja kupigiwa. Alipiga simu mwenyewe.

"Mama Boke, kaa chini. Bei mia na thelathini na tisa. Magunia mia na sitini na matatu. Tangu nianze kazi hii sijawahi kuandika magunia mengi hivyo kwa siku moja."

Matrida hakuhitaji kuchora, lakini alichora. Kitone kilikuwa chini ya mstari. Nguzo ilipanda mpaka ikakaribia kugusa vitone vya bei. Akaita, "Rhobi! Leo tunauza."

Rhobi alikuja akiwa amekunja uso. "Mia na thelathini na tisa? Juzi ilikuwa mia na sabini na moja! Mbona mwezi wa sita ulisema tusubiri?"

"Mwezi wa sita yaliuzwa magunia kumi na moja. Leo mia na sitini na matatu. Wenye maghala makubwa wameyafungua. Hii siyo shida ya mtu mmoja."

"Itarudi. Ilirudi mwezi wa sita."

"Huenda ikarudi. Lakini nilisema ukivunjika na nguzo ndefu, nitakubali. Nakubali." Bei ya juzi ilikuwa bado inamwita. "Uza hata nusu, rafiki yangu."

Rhobi akasimama muda mrefu akiangalia magunia yake. Kisha akasema, "Haya. Tisa. Tisa nabaki nayo."

Siku hiyo hiyo lori lilipakia magunia kumi na nane, tisa ya kila mmoja, likaenda Bunda. Yaliuzwa kwa mia na thelathini na saba kabla soko halijafungwa. Ijumaa bei ikawa mia na ishirini na sita. Wiki iliyofuata, mia na kumi na nne. Mbalamwezi iliipandisha hadi mia na ishirini na mbili tu, ikachoka. Giza la mwezi wa tisa likaishusha mpaka mia na mbili. Hapo ndipo Rhobi alipouza tisa zake. Alirudi nyumbani, akavuta kigoda mbele ya karatasi ya ukutani, akasema bila mzaha:

"Mama Boke, nifundishe mwanzo mpaka mwisho. Nilikuwa nacheka shule, kumbe ndiyo nilikuwa sijaianza."

Matrida akampa penseli. "Soko limegeuka, kwa hiyo tunaanzia juu. Tafuta vilele. Kile cha mia na sabini na moja, na hiki cha mia na ishirini na mbili."

"Viwili. Bado cha tatu."

"Bado cha tatu. Kwa hiyo tunanunua kidogo, tunauza upesi, hatujazi ghala."

Habari za Buswahili hazikutajwa tena kwa namna ile. Mwezi wa tisa Wanzagi alikwenda huko, akapangisha shamba kwa kaka yake, akarudi na mihogo mikavu mizigo miwili. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Alitengeneza ubao mkubwa, akaupaka rangi nyeusi, akauchora vijumba kwa rangi nyeupe. Akaubeba na vijana wake wa karakana mpaka mwaloni, akaukaza kwenye ukuta wa banda la kupimia dagaa.

"Ukuta wa nyumbani ni wenu wawili," alimwambia mkewe. "Huu ni wa wote."

Tangu siku hiyo, kila Jumanne na Ijumaa alasiri, Matrida alipokea namba mbili kutoka Bunda, akaziweka ubaoni kwa chaki. Mwanzoni walikuja wanawake wanne. Baadaye wakawa kumi na wawili, na wavuvi wakasimama nyuma wakijifanya wanapita tu. Wengi hawakuwahi kushika rula tangu darasa la saba. Walijifunza kuweka kitone, kupiga mstari chini ya mabonde soko likipanda na juu ya vilele likishuka, na kuuliza magunia kabla ya kuamini bei. Paschal naye alijifunza. Sasa akipiga simu alianza na magunia kabla hajataja bei, maana alijua ataulizwa.

Kuna siku Matrida alikosea. Mwezi wa kumi aliona kama bonde limeshika, akanunua magunia sita, na bei ikashuka chini ya pale. Akayauza siku iliyofuata kwa hasara ndogo, akasimama mbele ya ubao, akawaonesha wenzake mahali alipokosea. "Nilipiga mstari kwa mabonde mawili," alisema. "Sikungoja la tatu. Msinifuate."

Ijumaa moja mwanamke mgeni alifika mwaloni kutoka Suguti, na magunia matatu kwenye bodaboda. Alikuwa amesikia habari za ubao. Alijipenyeza mpaka mbele, jasho likimtiririka, akauliza kwa haraka:

"Ni nani Mama Boke? Ni wewe? Dada yangu, niambie ukweli. Wiki ijayo bei itakuwa ngapi?"

Wanawake waliokuwa ubaoni wakageuka kumtazama Matrida. Zamani swali kama hilo lingemtia aibu.

"Sijui," alisema, na sauti yake ilikuwa imetulia kabisa. Akaugusa mstari ubaoni. "Lakini ikifika hapa na magunia yakawa mengi, najua nitafanya nini. Na isipofika, najua pia. Shusha mizigo yako, upumzike kidogo. Rhobi, mpe mwenzetu chaki. Tunaanza na kitone cha leo."

Mgeni akafuta mkono wake kwenye kanga, akapokea chaki, akasogea kwenye ubao.